Bata wa Osea

Kwa maelezo ya Osea Nzunda, mambo yalikuwa hivi. Jumamosi asubuhi, umande haujakauka, alishuka kijitoni kuwafungulia bata wake. Akamkuta jirani yake Ezron Haonga amechuchumaa kwenye maji. Amevaa glavu, amejifunga kitambaa puani, mkononi ana chupa. Akamimina kitu kwenye maji. Akachota, akatikisa, akamimina tena. Halafu tena. Kila akimimina anageuka kuangalia nyuma. Osea akajibanza kwenye migomba, akanyamaza. Jioni ya siku hiyo hiyo ng'ombe watatu wa jirani mwingine, Yesaya, wakaanguka zizini, maksai wawili wa kulimia na jike mwenye mimba. Povu mdomoni, miguu inatetemeka kama wana baridi. Hawakuiona Jumapili.

"Sasa afande," Osea alimaliza, "mimi sisemi nimemuona anaua. Nasema nimemuona anamimina. Hesabu nyingine ni yako."

Sajenti Rozi Siwale alifunga kalamu. Maelezo hayo sasa alikuwa ameyasikia mara tatu, na kila mara chupa ilikuwa inakua. Jumapili mbele ya mwenyekiti ilikuwa chupa ya soda. Jana ilikuwa ya lita moja na nusu.

"Chupa yenyewe ilikuwa ya ukubwa gani, mzee?"

Osea akapima hewani kwa mikono miwili. "Kama kidumu hivi."

"Cha lita tano?"

"Cha lita tano."

"Aliwezaje kukishika kwa mkono mmoja, amechuchumaa?"

"Afande, huyu mtu humjui. Huyu ni Bwana Mazingira."

Jibu lenyewe lilikuwa hilo. Rozi alikuwa amefanya kazi miaka mingi Tunduma, mpakani, na kule alizoea kudanganywa. Mtu wa magendo wa Tunduma anakudanganya kwa mpangilio, ana jina la dereva, ana namba ya lori, ana shemeji upande wa Zambia atakayethibitisha. Unavuta uzi mmoja na nguo yote inafumuka. Huku milimani upande wa Iyula hakuna aliyekuwa anadanganya. Alikuwa akiuliza mtu ameona nini, anajibiwa Ezron ni mtu wa namna gani. Tangu Jumapili hakuwa amepata kingine.

"Kilichomiminwa kilikuwa na rangi gani?"

"Rangi sikuiona. Lakini mtu anayekataza watu kuosha mabomba ya kupulizia dawa mtoni, anayepeleka majina ya wenzake kwenye mkutano, atamimina nini? Maziwa?"

"Kilinuka?"

"Anajifanya ana uchungu na maji kuliko sisi tuliozaliwa hapa. Na yeye kazaliwa hapa hapa! Baba yake nimechunga naye."

Rozi aliacha kuandika. Alisimama akaangalia kijito. Kilikuwa chembamba, kimejaa kidogo kwa mvua za juzi, na maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kwenye kona, palepale Osea alipoonyesha kwa kidole kwamba Ezron alichuchumaa, bata saba walikuwa wanaogelea. Mmoja alizamisha kichwa, akabaki matako juu, akaibuka na kitu mdomoni.

"Hao ndio bata wako?"

"Ndio hao."

"Na Jumamosi uliwafungulia?"

"Si nimekwambia ndicho nilichofuata?"

"Baada ya Ezron kumimina?"

"Akaondoka, nikawafungulia. Wanashinda hapa mpaka jioni, nawaita wenyewe wanarudi."

"Hakuna aliyekufa?"

"Bata wangu?" Osea alicheka. "Hawa ni wagumu, afande. Hawa hata kicheche wamemshinda."

Rozi alifungua kalamu tena, akaandika neno moja: bata.

*

Njia ya kwenda kwa Haonga inapita kwenye kibanda cha Grace, anayeuza sukari, mafuta ya taa na vocha. Grace alimwita mwenyewe kabla hajaulizwa.

"Afande! Umekuja kwa habari ya yule mtakatifu wa takataka? Kaa hapo nikueleze."

"Ulikuwepo kijitoni Jumamosi?"

"Sikuwepo."

"Uliwaona ng'ombe wakianguka?"

"Sikuwaona. Lakini nitakwambia alichonifanyia msibani kwa mama yangu." Grace aliegemeza viwiko kwenye meza. "Tumetoka kuzika. Watu wamechoka, tumewagawia maji ya chupa. Watu bado wanalia, afande. Namuona Ezron na mfuko wa salfeti anaokota chupa. Katikati ya wafiwa! Anainama, samahani mama, anaokota chini ya kiti cha shangazi yangu. Shangazi analia, yeye anaokota."

"Alisema kitu?"

"Ndiyo tabu yake. Hakusema. Angesema, ningemjibu. Angenitukana kwamba mimi mchafu, ningemvua nguo mbele ya watu. Yeye anaokota tu, halafu anakuangalia hivi..." Grace aliinua uso taratibu, macho ya upole, kama mtu anayemsamehe mtoto. Aliiga vizuri sana. "Toka siku ile, kila nikitupa kitu nageuka kuangalia kama yupo. Kwenye uwanja wangu mwenyewe! Mtu kama huyo kuua ng'ombe anashindwa?"

"Kuokota chupa na kuua ng'ombe ni vitu viwili, dada."

"Wewe hujaishi naye. Watu wanasema ana wazungu wake wanaomlipa. Wengine wanasema ni mvivu wa kulima, ndiyo maana anapanda miti, mti unajilima wenyewe."

"Sasa ni mvivu au analipwa kwa kazi?"

"Vyote viwili," Grace alisema bila kusita. "Unanunua vocha?"

Rozi alinunua maji. Aliyanywa akitembea, na chupa ilipoisha akajikuta ameishika mkononi, anaangalia huku na huku, hajui aiweke wapi. Akaitia kwenye mfuko wa suruali kwa hasira. Ilimchoma paja njia nzima.

Hasira hiyo haikuanza leo. Jana alimhoji Ezron mahabusu. Alikuwa na jicho moja limevimba, kwa sababu kabla ya polisi kufika vijana walikuwa wameshafika. Alimuuliza alimimina nini. Maji, alisema. Chupa ilikuwa na nini kabla? Haikuwa na kitu. Bwana kilimo wa kata alimwambia akitaka maji yapimwe, asuuze kwanza chupa kwa maji ya palepale, mara kadhaa, ndipo aijaze. Glavu na kitambaa? Alivaa kwa sababu hayaamini maji yale. Kuangalia nyuma? Kwa sababu akionekana watu wanamzomea. Majibu yalikuwa mafupi na yalishikana. Halafu, badala ya kunyamaza kama mtu mwenye akili, akaongeza:

"Afande, samahani. Zile taka mnazochoma huko nyuma mnachanganya na plastiki. Moshi wote unaingia humu. Na nyie mnauvuta."

Koplo aliyekuwa mlangoni aligeuka taratibu. "Unaona, afande?" alisema. "Huyu ameua ng'ombe."

Na Rozi, kwa muda mfupi, alikubaliana naye.

*

Nyumbani kwa Haonga, kitalu cha miche kilikuwa kimefyekwa. Miche ya mikaratusi Ezron hakuwahi kuipanda, mke wake Marta alieleza, kwa sababu inakausha maji. Ilikuwa miche ya asili na miparachichi, na yote sasa ilikuwa imelala upande mmoja, mizizi juu, imenyauka. Marta alikuwa barazani anafunga godoro kwa kamba ya katani. Masufuria yalikuwa tayari ndani ya beseni, yamefunikwa khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, ila viti nimeshavifunga."

"Nani kakwambia ufunge?"

"Mkutano wa kitongoji. Tuwe tumetoka kesho. Wakikuta mtu humu wanachoma na nyumba." Alivuta kamba kwa meno, akafunga fundo. "Ndugu zangu wako Ndalambo. Nitakwenda huko na watoto. Ezron, hapo mtakapomaliza naye, atatufuata, kama kuna kitakachobaki."

Rozi aliomba ile chupa ya maji ya kijito. Marta alichungulia chini ya kitanda, akaitoa: chupa ya soda ya nusu lita, imejaa maji rangi ya chai ya maziwa, imebandikwa karatasi yenye tarehe. Rozi aliigeuza kwenye mwanga. Kidumu cha Osea kilikuwa kimepungua sana.

"Naomba kuzunguka nyuma."

Nyuma ya nyumba, mbali na kijito, kulikuwa na shimo la mraba, limezungushiwa mawe. Ndani kulikuwa na tabaka la mchanga na mkaa. Pembeni ulisimama mti wenye panda ya kutundikia bomba, na pipa la maji ya mvua lenye kata yake. Ilikuwa kazi ya mtu aliyekaa akafikiri. Kati ya mawe majani yalikuwa yameota, na buibui alikuwa ametanda utando kutoka kwenye panda hadi kwenye pipa.

"Hili ni la nini?"

"La kuoshea mabomba ya dawa. Walipopitisha kwamba asioshe mtu mtoni, watu wakauliza tuoshe wapi. Akachimba. Akaenda nyumba kwa nyumba kuwakaribisha." Marta alicheka bila furaha. "Karibuni shimoni, karibuni shimoni. Kama mtu ana harusi."

"Wamekuja wangapi?"

"Hajaja hata mmoja. Wanasema hawawezi kupanga foleni kwa Ezron kama wanafunzi."

Rozi aliutazama utando wa buibui kwa muda mrefu.

"Na mtoni hawaoshi?"

"Mtoni kuna faini. Wanaogopa."

"Sasa wanaoshea wapi?"

Marta alikuwa hajawahi kujiuliza. "Kwa kweli sijui," alisema. Halafu akaokota kamba nyingine. "Afande, niambie ukweli. Niendelee kufunga, au niache?"

"Ngoja kwanza," Rozi alisema, na akaondoka haraka kuelekea kwa Yesaya.

*

Kwa Yesaya watu walikuwa wameshajaa. Mwenyekiti wa kitongoji, Gibson, alikuwa amekalia kinu kilicholazwa. Osea alikuwa amefika kwa njia ya mkato. Yesaya mwenyewe, mzee wa kanisa, mrefu, alisimama kwenye geti la zizi, amevaa koti la mvua ingawa mvua haikuwepo. Kwenye zizi lile kubwa alikuwa amebaki ng'ombe mmoja, jike jekundu, anacheua.

"Pole tena, mzee."

"Nimeshapoa. Nitalimia mikono."

"Bwana mifugo anasema ni sumu ya dawa ya wadudu. Vipimo bado, lakini dalili ni hizo."

"Na sisi tumesema hivyo hivyo," Gibson alidakia. "Sumu. Mtoni. Mtu kaonekana. Afande, sijui unachotafuta ni nini tena."

"Natafuta huyu mwekundu kwa nini ni mzima."

Watu wote walimgeukia ng'ombe, kana kwamba atajieleza.

"Huyu Jumamosi mchana hakuwepo," Yesaya alisema. "Alikuwa kwa Sebastian, kwenye dume. Alirudi jioni."

"Aliporudi alikunywa?"

"Alikunywa pamoja na wenzake, kabla hawajaanguka."

"Wapi?"

"Kijitoni, wapi tena?"

"Mahali pamoja?"

"Bega kwa bega."

"Kwa hiyo amekunywa maji yale yale, mahali pale pale, saa ile ile. Na bata wa mzee Osea wameshinda humo kutwa nzima, wamekula matope. Maji yameua ng'ombe watatu, yakamwacha wa nne, yakawaacha bata saba."

"Bata ni wagumu," Osea alisema, lakini taratibu.

"Mzee Yesaya. Wale watatu mchana ule walifanyiwa nini ambacho huyu hakufanyiwa?"

"Hakuna. Walikula majani, walilala." Alifikiri. "Niliwapulizia dawa ya kupe. Lakini hiyo napulizia kila mara, ni dawa ile ile, na kopo nililianza mwezi uliopita."

"Ulipulizia na nini?"

"Na bomba. La mgongoni."

"Lako?"

"La kikundi chetu. Tunapokezana. Lipo pale." Alionyesha ukutani. Bomba la bluu lilikuwa limetundikwa kwa mkanda, chini ya paa.

"Kabla yako lilikuwa kwa nani?"

"Kwa Osea. Ijumaa alipulizia kahawa yake, jioni akaniletea."

Gibson aliacha kutikisa mguu.

"Ulimuuliza kama ameliosha?"

Yesaya alimwangalia kwa mshangao wa kweli. "Afande, mtu anamuuliza mwenzake hivyo? Ananiletea bomba mpaka mlangoni, nimuulize kama ni mchafu? Tumeanza kikundi hiki zamani, hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake. Anayeuliza maswali hayo hapa ni mmoja tu, na mnaye huko."

"Lilikuwa tupu?"

"Lilikuwa na maji kidogo chini. Ndiyo kawaida. Bomba hatulirudishi kavu, mipira ya ndani inakauka inapasuka. Ukimaliza unaosha, unamwachia mwenzako maji kidogo. Ni heshima." Sauti yake ilikuwa inapungua kadiri anavyoendelea. "Nikaongeza maji juu yake. Nikatia dawa ya kupe."

"Hayo maji ya chini uliyaangalia?"

"Ndani kuna giza."

"Yalinuka?"

"Bomba siku zote linanuka."

Rozi alimgeukia Osea. Hakuinua sauti. "Mzee Osea, uliweka maji?"

Osea alikuwa anaangalia viatu vyake. "Ningeoshea wapi?" alisema. "Mtoni si nimekatazwa?"

"Kuna shimo."

"Kwa Ezron!" Osea aliinua kichwa, na sasa alikuwa na hasira kweli. "Nipite njiani na bomba mgongoni, Grace yuko kibandani ananiona naelekea kwa Ezron? Nifike, anipokee na ile sura yake, karibu mzee Osea, umefanya vizuri mzee Osea? Nimpe ushindi huo? Heri nisioshe!"

"Na hukuosha."

Osea aliangalia tena viatu vyake.

"Dawa ya kahawa iliyobaki ulimwaga wapi?"

"Zamani nilikuwa namwaga mtoni," Osea alisema. Alikuwa amefika mwisho wa sentensi kabla hajajua alikokuwa anakwenda. "Sikumwaga."

Rozi alivaa glavu, akaliteremsha bomba. Lilikuwa bado na kitu kinachocheza chini. Alilitia kwenye mfuko mkubwa wa nailoni, akafunga, akaandika jina na tarehe, akamwomba Gibson asaini kama shahidi. Gibson alisaini, akarudisha kalamu, akajikuna kidevu.

"Lakini afande," alisema, "ukiangalia vizuri, si bado ni Ezron? Asingekataza watu kuosha mtoni, Osea angeosha. Yesaya angekuwa na ng'ombe wake."

Watu wawili watatu waliitikia kwa vichwa. Mmoja akasema, "Hapo sasa."

Rozi alikuwa amewahi kukaa mpakani na mtu aliyekutwa na magunia ya sukari ya magendo uvunguni mwa kitanda chake, akaapa hajui yalifikaje hapo. Yule alikuwa rahisi.

"Mwenyekiti, aliwakataza kuosha mtoni. Akawachimbia pa kuoshea. Akaja mpaka milangoni kuwakaribisha. Afanye nini tena, awaoshee?"

"Osea hakukusudia," Yesaya alisema kwa upole. "Ni bahati mbaya. Osea ni mwenzetu, ni mtu anayesahau kama sisi."

"Na Ezron?"

"Ezron hasahau." Mzee alitafuta maneno, akiangalia zizi lake. "Kila anachofanya anakusudia. Hata kuokota chupa anakusudia. Mtu wa namna hiyo, ukimuona mtoni na chupa, unasema huyu hawezi kuwa hana jambo."

"Alikuwa na jambo, mzee. Alikuwa anapeleka maji yenu yakapimwe."

Yesaya alikwenda kusimama karibu na Osea. Hakumgusa wala hakumwangalia, lakini alisimama upande wake, na wengine nao wakasogea hivyo hivyo, polepole, mpaka Rozi akabaki peke yake upande wa pili na bomba lake ndani ya mfuko.

"Sikilizeni," alisema. "Bomba linakwenda maabara leo. Mzee Osea, utakuja kituoni kuandika maelezo upya, safari hii na chupa ya nusu lita. Ezron nitamwombea kwa mkubwa wangu arudi nyumbani hata kabla ya majibu. Hayo ni ya kwangu. La kwenu ni moja. Marta anafunga godoro. Ninyi ndio mliomwambia atoke. Naomba mmoja wenu aende sasa hivi akamwambie afungue mizigo. Mimi siendi. Nikienda mimi atajua polisi wamemruhusu kukaa, basi. Aende jirani."

Ng'ombe mwekundu alikohoa. Gibson aliona tope kwenye kiatu chake, akaanza kulibandua kwa kijiti. Grace, ambaye alikuwa amefunga kibanda kuja kusikiliza, alijifunga khanga upya, ingawa ilikuwa imefungwa vizuri.

Rozi alisubiri. Chupa tupu ilikuwa bado inamchoma paja.

"Mzee Osea? Wewe ndiye unayepakana nao."

Osea alikuwa amesimama pale njia ya kwenda kwa Haonga inapoanzia. Aliiangalia njia, akawaangalia wenzake. Halafu akasogea hatua mbili kando, kwenye majani, kama mtu anayempisha mwenzake apite.